Uchaga wa Nje ya Ukuta

Lamiat aliolewa na mwanamume mbaya kwa hiari yake mwenyewe, akimjua, na hakutaka mtu yeyote amwonee huruma. Mama yake alilia. Shangazi zake walilia kwa zamu. Hata mtawa aliyewanyunyizia maji ya baraka aliguna kidogo, kama mtu anayetia muhuri kwenye gari bovu.

Bwana harusi, Sawaeng, alikuwa mgema wa mivumo, ile miti mirefu ya jamii ya mnazi, kwa kazi na mcheza kamari kwa imani. Kila Jumamosi alikuwa uwanjani, mahali ambapo fahali wawili husukumana vichwa na watu wazima waliotoka kusali asubuhi hupoteza akili zote walizozaliwa nazo.

"Ananichekesha," Lamiat aliwaambia shangazi zake. "Nyinyi waume zenu wana mashamba. Haya, yaambieni mashamba yawachekeshe."

Hapo Pak Phanang, kusini mwa Thailandi, mto unapokaribia bahari, kuna kazi mbili zinazoheshimika. Ya kwanza ni kujenga ghorofa refu lisilo na madirisha, ukaweka mashine inayolia kama ndege, ndege wa kweli wakadanganyika wakaja kujenga viota, nawe ukawauzia Wachina hayo mate ya ndege wayanywe kwenye supu. Anayefanya hivyo huitwa mheshimiwa. Kazi ya pili ni kupika mikate ya nyuzi. Anayefanya hivyo huitwa "wewe, niongezee mwingine."

Lamiat alikuwa wa kazi ya pili. Alirithi kwa mama yake kifuu cha nazi kilichotobolewa vitundu vidogo chini, na kovu la mwiko kwenye kifundo cha mkono, maana mama yake hakufundisha kwa maneno. Mchele unalowekwa mpaka uanze kuchacha, unasagwa, unakamuliwa maji, unatwangwa na asali ya mvumo mpaka uji uwe mzito wa kutiririka bila kukatika. Halafu unamiminwa kwenye kifuu, na mkono unazunguka juu ya kikaango cha moto kilichopakwa mafuta na kiini cha yai. Mzunguko baada ya mzunguko, nyuzi zinalaliana kama wavu wa buibui mwenye bidii. Uzi ukikatika, Lamiat aliutukana mkono wake kwa jina, maana mkono wa kulia alikuwa ameupa jina, na jina lenyewe haliandikiki.

Wembamba ule haukuwa urembo. Kila mtoto wa pale anajua kwamba mzimu wenye njaa una mdomo kama tundu la sindano. Mwezi wa kumi, milango ya jehanamu inapofunguliwa na wafu wanarudi makwao kutafuta chakula ambacho ndugu zao huwawekea juu ya uchaga hekaluni, huwezi kumwekea marehemu wako andazi. Atalizungukia tu akilia. Unamwekea nyuzi.

Sasa, habari ya kipaza sauti.

Hekalu lilikuwa na kipaza sauti kikubwa juu ya nguzo. Kila alfajiri kiliwatangazia watu wa mji mzima mambo ambayo wangeweza kuyajua baada ya chai. Siku moja kikatoweka. Sawaeng alikuwa amepanda nguzo kama anavyopanda mvumo, akakishusha, akakiuza, na fedha yote akaiweka kwa fahali aliyeitwa Radi ya Dhahabu. Radi ya Dhahabu alimtazama mpinzani wake, akageuka, akaondoka uwanjani kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka kitu nyumbani.

Sawaeng alimwambia mkewe usiku uleule, kwa sababu hakuwahi kumficha kitu. Lamiat alimpiga kwa mwiko uliokuwa karibu.

"Utakwenda kwa Baba Mkuu wa hekalu, utapiga magoti!"

"Nitakwenda, mke wangu. Wiki ijayo kuna fahali mweupe, nikishinda nanunua kipya, naenda nacho. Mtu hapigi magoti mikono mitupu."

Kabla ya Jumamosi alibishana na mtu kwamba anaweza kupanda mvumo mkono mmoja. Akaweza. Kushuka ndiko hawakuwa wamekubaliana, na akashuka kwa njia fupi, moja kwa moja hadi kaburini.

Ukweli mwingine usiosemwa sana ni kwamba mji mzima ulilala vizuri mno mpaka hekalu liliponunua kipaza sauti kingine. Watu walinenepa. Lakini mwizi ni mwizi, na aibaye mali ya hekalu, mafundisho hayana utata juu yake: anakuwa mzimu mrefu kama mvumo, mbavu nje, viganja vipana kama majani ya mgomba, na mdomo ule ule wa sindano.

Kwa hiyo mwezi wa kumi ulipokaribia, wa kwanza tangu afe, Lamiat alikuwa na jambo moja tu kichwani. Sawaeng anakuja. Ana njaa. Na mwaka mzima hajala.

Mwenyekiti wa kamati ya hekalu, Phaithun, alimfuata sokoni. Phaithun alikuwa na maghorofa matatu ya ndege na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye vifungo. Alisimama upande ambao moshi hauendi.

"Shangazi Lamiat," alianza, kwa lile jina la heshima ambalo sokoni wote walimwita, "habari za biashara?"

"Biashara inaungua ukinisimamia. Sema."

"Mwaka huu tunataka mikate yako kwa uchaga wa kamati. Mingi. Yote utakayopika." Akashusha sauti kama anayetoa zawadi. "Wageni wanakuja kutoka mkoani, na kamera. Uchaga utakuwa na paa, na taa za rangi, na kitambaa cheupe."

"Vizuri. Mizimu itapendeza kwenye picha."

"Ila kuna kitu kidogo." Phaithun alikohoa. "Kamati imeona kwamba, kwa heshima ya sherehe, wafu watakaoandaliwa juu ya uchaga wawe wale walioacha jina jema. Kwa hiyo sahani ya marehemu Sawaeng... unaelewa mwenyewe."

Mkono wa Lamiat ulisimama hewani. Uji ukaendelea kushuka mahali pamoja, ukafanya bonge katikati ya kikaango, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu alipokuwa msichana. Jirani yake Urai, muuza tambi za mchuzi wa samaki, aliacha kukuna nazi ili asikie vizuri.

"Phaithun, mwanangu. Mwezi wa kumi milango ya wapi inafunguliwa?"

"Ya jehanamu."

"Ya jehanamu. Siyo ya chuo. Sasa wewe umeandaa karamu ya watu wa jehanamu, halafu mlangoni unauliza nani ana cheti cha tabia njema?"

Urai alicheka mpaka mbuzi ya nazi ikamwangusha.

"Shangazi, mimi naelewa dini."

"Wenye jina jema wako peponi wanakula! Wana njaa gani? Umejenga zahanati, umeandika mlangoni: wagonjwa hawaruhusiwi."

"Sawaeng aliiba mali ya hekalu!"

"Aliiba! Unaniarifu mimi? Mimi ndiye niliyempiga, nyinyi mlilala tu!" Alibandua bonge kutoka kwenye kikaango akamtupia mbwa. "Aliiba, kwa hiyo ni mzimu, kwa hiyo ana njaa, kwa hiyo ule uchaga ni wake kuliko wa babu wa mtu yeyote."

"Kamati imeshaamua."

"Haya. Na mimi nimeamua. Kamati haipati hata uzi mmoja kutoka kikaangoni mwangu. Nenda ukawalishe wenye jina jema biskuti za dukani."

Phaithun alitabasamu tabasamu la mtu anayejua kwamba oda ile ndiyo kubwa kuliko zote za mwaka, na kwamba njaa ya walio hai nayo ni njaa. Akaondoka. Urai akainuka, akijikung'uta.

"Shoga, hiyo oda ungeipokea kwanza ukamtukana baadaye."

"Ningesahau matusi."

"Wewe? Wewe matusi unayalisha kama kuku."

Siku hiyohiyo Lamiat alikwenda kwa mkuu wa hekalu. Mzee huyo alikuwa barazani, miguu kwenye beseni la maji ya mchaichai, mbwa mwenye upele akilala kwenye pindo la vazi lake la njano. Lamiat alipiga magoti, akainama mara zile zinazotakiwa, halafu akaeleza yote bila kupumua.

"Uchaga ni wa kamati," alisema Baba Mkuu. "Walinunua hata misumari. Mimi hunishirikisha wakishamaliza."

"Na nje ya ukuta?"

"Nje ya ukuta kuna mtaro."

"Wa nani?"

"Wa manispaa, nadhani. Harufu yake si ya kitawa."

Lamiat alivuta pumzi. Zamani wazee waliweka vyakula nje vilevile, kwa wale wafu wenye dhambi nzito kiasi cha kushindwa kuvuka lango. Mtaro haukumtisha. Kilichomtisha ni uzi. Watawa wanaposali, hushika mikononi uzi mweupe unaotoka ukumbini hadi kwenye uchaga, na sala hupita humo mpaka kwenye chakula. Chakula kisichoguswa na uzi, wafu hukitazama tu, kama maskini anavyotazama dirisha la mkahawa.

"Baba Mkuu, nikiweka uchaga kule nje bila uzi, sala zitafika?"

Mzee alitikisa vidole vya miguu majini.

"Sijui kama sala zinapanda ukuta. Mimi siku hizi ngazi tu zinanishinda." Akamkuna mbwa sikio. "Alikuwa anakuja kuniomba msamaha, yule?"

"Alikuwa anasubiri fahali mweupe ashinde."

"Alishinda?"

"Alishinda, Baba. Jumamosi ileile. Yeye kashazikwa."

Baba Mkuu alifumba macho. Lamiat hakujua kama anatafakari au amelala. "Asubuhi zile," alisema mzee hatimaye, "zilikuwa na utulivu mkubwa." Kisha akaanza kukoroma kweli.

Hilo halikuwa jibu. Lamiat alirudi nyumbani na hasira ya kutosha kupikia, akatafuta mbao, hakuwa nazo. Akaingia chumbani akakitazama kitanda cha ndoa. Akachukua nyundo.

Urai alimkuta barabarani anasukuma mkokoteni wenye miguu ya kitanda.

"Lamiat! Utalala wapi?"

"Chini."

"Kwa ajili ya yule? Aliziuza hereni zako!"

"Zile hereni nitamdai mwenyewe, uso kwa uso. Lakini siwezi kumdai mtu mwenye njaa, hatasikiliza. Shika upande huo."

Wakausimika uchaga nje ya ukuta, kati ya mtaro na barabara, miguu minne imara na mbao za kitanda juu. Machoni pa mwendesha pikipiki yeyote ulionekana kama kitanda kilichokasirika. Mkesha wa sherehe, Lamiat alipanga mikate ya nyuzi mkunjo kwa mkunjo, akaweka na pombe ya mvumo ndani ya chupa ya soda, maana alimjua mgeni wake.

Alidhani atakuwa peke yake. Jua lilipoanza kushuka, Urai akarudi na bakuli limefunikwa kwa jani.

"La nani?"

"La shangazi yangu. Yule wa feri."

"Aliyekimbia na mume wa dada yake?"

"Punguza sauti! Ndiyo. Na alikimbia na sufuria zetu pia. Miaka yote mama anatuzuia kumwekea." Urai aliweka bakuli haraka haraka. "Alikuwa anapenda pilipili."

Baada yake alikuja mwuza barafu na sahani ya babu aliyekopesha kwa riba mpaka akachomewa nyumba. Akaja mwalimu wa kike aliyejifunika mtandio kana kwamba mtandio unaficha kitambi, na vitumbua vya kaka yake mlevi. Wengine hawakusema ni za nani. Waliweka, wakainama, wakaondoka wakitazama pembeni, kama watu waliotoka nyumba ya mchepuko. Kumbe kila nyumba Pak Phanang ilikuwa na mzimu wake wa kweli, na yale majina mema yaliyobandikwa kwenye uchaga wa kamati yalikuwa ya wale tu waliokufa kabla hawajakamatwa.

Siku yenyewe ilipofika, ndani ya ukuta taa za rangi ziliwaka mchana kweupe. Kitambaa cheupe, maua, pakiti za biskuti zimepangwa kwa rangi. Wageni kutoka mkoani waliketi chini ya feni. Uzi ulitoka kwa watawa, ukapita juu ya vichwa, ukafungwa kwenye nguzo ya uchaga wa kamati kwa fundo lililoonekana kama zawadi.

Nje, Lamiat alisimama mikono kiunoni. Kundi limeshasogea, wanajifanya wanasubiri usafiri. Phaithun alitoka langoni akitembea upesi, akipunguza kila alipomwona mgeni.

"Shangazi, ondoa hiki kitu. Wageni watapita hapa."

"Waache wapite. Hakiumi."

"Ni kitanda!"

"Ni kitanda changu. Kama kamati imeamua na habari za kitanda changu, niambieni nijue."

Watu waliangua kicheko. Askari wa manispaa aliyekuja na Phaithun alitazama uchaga, akajikuna shingo, akasema kwa sauti ya chini kwamba ile sahani ya viazi vya kukaanga ni ya baba yake mdogo, asingependa imwagike.

"Hata ukikiacha hapa," Phaithun alisema, sasa uso umekuwa mwekundu, "ni kazi bure! Huna uzi! Sala zinaishia kule! Mumeo atakaa hapa kwenye mtaro anatazama chakula mpaka milango ifungwe!"

Kicheko kilikatika. Hilo lilikuwa kweli, na kila mtu alilijua. Lamiat aligeuka, akautazama ule uzi wa ndani kupitia langoni. Kule ukumbini watawa walikuwa wameshaanza kusafisha koo.

Ndipo akatoka Bibi Riam.

Bibi Riam alikuwa mama yake Phaithun, kikongwe mdogo mwenye meno meusi kwa tambuu, ambaye kamati ilimweka mstari wa mbele kwa ajili ya picha. Alitoka langoni polepole, sahani mkono mmoja, na mkono mwingine ameshika donge la uzi mweupe, analifungua kadiri anavyotembea. Uzi ulitoka nyuma yake, ukapita langoni, uani, ngazini, mpaka mikononi mwa Baba Mkuu, ambaye kwa mbali alionekana amefumba macho kabisa, hana habari na dunia.

"Mama! Unakwenda wapi na huo uzi?"

"Baba Mkuu kasema umebaki mwingi, niutafutie mahali." Alimpita mwanawe kana kwamba ni nguzo. "Nipishe. Chakula cha baba yako kinapoa."

"Baba yuko kwenye uchaga wa ndani! Jina lake ni la kwanza!"

"Jina liko ndani. Yeye hayuko." Bibi Riam alitema tambuu mtaroni, kwa shabaha. "Baba yako alikuwa mwalimu mkuu akala paa la shule. Mabati yote. Watoto walisoma na miavuli, na wewe ukavaa viatu vipya. Unadhani atapenya langoni kwa shati lako hilo? Miaka yote namwekea kule kwenye kitambaa cheupe, na kila mwaka namwota anapiga miluzi huku nje kwenye mtaro. Lamiat, mwanangu, nisogezee hiyo mikate yako, biskuti hazimwingii."

Askari alitazama angani. Phaithun alinyoosha mkono kuelekea uzi, akautazama mkono wa mama yake ulioushika, akaurudisha wake mfukoni.

Lamiat alipokea ncha ya uzi. Aliuzungusha kwenye mguu wa kitanda, akaufunga fundo la kufungia ng'ombe, maana la zawadi hakulijua. Sala zikaanza. Kama zilipita kwenye uzi au hazikupita, mimi sina kipimo. Lakini uzi ulitetemeka, na upepo haukuwepo.

Wakati wa kumimina maji ardhini, ili thawabu ya chakula iwafikie wafu, ulipofika, kila mtu nje ya ukuta alichuchumaa na kikombe chake. Wengine walinong'ona. Lamiat hakunong'ona.

"Sawaeng! Uko hapo, usijifiche nyuma ya nguzo ya umeme, nakujua. Kula. Nimekutengenezea nyembamba kuliko za watu wote. Sijakusamehe hereni, na kipaza sauti utamweleza Baba Mkuu mwenyewe akija huko. Lakini njaa sitakuacha nayo, wewe mwanamume. Fahali mweupe alishinda. Kula!"

Maji yakaisha kikombeni. Aliendelea kukiinamisha kwa muda, tupu.

Kisha kengele ikalia, na siku ya kupora ikawa siku ya kupora. Chakula wafu wakishakula, mabaki ni baraka kwa anayewahi, na hakuna baraka tamu kama ile unayomkwapulia jirani. Umati ulikuja kama maji. Waliokuwa ndani walisikia makelele wakatoka mbio, wakiziacha biskuti zimepangwa kwa rangi. Mgeni mmoja wa mkoani mwenye sketi ya hariri aliruka mtaro, hakuuvuka wote, akainuka na mkunjo wa mkate wa nyuzi mkononi akiushangilia kama kombe. Askari alipigana kwa heshima juu ya viazi. Mwalimu alipoteza mtandio na hakuutafuta. Kabla hujamaliza kupiga chafya, mbao zilikuwa nyeupe, zimelambwa.

Phaithun alibaki amesimama kando, shati limelowa. Alisubiri watu wapungue, akamsogelea Lamiat, macho kwenye mtaro.

"Shangazi. Mwakani, nadhani kamati inaweza kufikiria... kuuingiza ndani. Tungeupaka rangi. Tungeweka na paa."

"Usiuguse."

"Nasema kwa wema."

"Najua, ndiyo maana sijashika mwiko." Lamiat alikuwa anakwangua mafuta ya mikate kwenye mbao kwa ukucha. "Ndani mna lango, na lango mmeliweka nyinyi. Uchaga unabaki hapa, kwenye harufu, karibu na wenyewe. Ukitaka kuja, njoo na sahani ya baba yako, uchuchumae kama sisi. Na uvue hilo shati."

Bibi Riam, aliyekuwa ameketi kwenye ukingo wa mtaro anatafuna, aliinua kichwa.

"Na ulete mikeka," alimwambia mwanawe. "Nimekaa kwenye mawe."

Phaithun alisimama kidogo. Halafu akapita langoni, kurudi ndani, kwenda kutafuta mikeka.